Taruma la Mama Hortense

Papa Adalbert, fundi wa garaji ya karibu na stesheni ya Kalemie, ana mdomo, jamani. Ukimpelekea motoka, kwanza atakugombeza kwa namna unavyoiendesha, ndipo akuulize habari za nyumbani. Ila mbele ya mke wake, Mama Hortense, mdomo huo unapotea wote.

Kila mchana Mama Hortense anatoka sokoni anakouza samaki wadogo wa ndakala, anamletea bugali, kisha anakaa palepale garajini juu ya taruma. Ni kipande cha gogo zito lililolala zamani chini ya reli ya Kabalo. Papa Adalbert anavyo viwili tu, na bila hivyo hana kazi.

Kuna motoka siku hizi hazina resori, zile springi za chuma. Zinakaa juu ya mifuko ya mpira iliyojaa hewa. Unabonyeza kitufe tu, motoka inajiinua yenyewe, na wajinga wanafurahi, wanajitupa chini yake. Papa Adalbert hafanyi hivyo. Ikishajiinua, anasukuma taruma moja kushoto na moja kulia, chini ya chuma cha chasi, kisha anaipunguza hewa polepole mpaka motoka ilale juu ya mbao.

"Mupepo haiko kitu ya kutumainia," anasema. Halafu: "Mama, simama kidogo, nichukue kiti yako." Naye husimama akinung'unika, miaka yote.

Siku ile jeep ya Mama Adrienne, muuza mchele, ilikuwa inavuja hewa upande wa kulia. Adalbert akaiinua, akaweka taruma la kushoto, akageuka kuchukua la pili. Mama Hortense alikuwa amesinzia juu yake, kichwa ukutani. Alikuwa amekesha na mjukuu mwenye homa. Huruma ikamshika Adalbert, mwanaume mzima. Akajiambia ataangalia tu panapovuja, mara moja, kisha atoke. Akaingia chini, upande uleule wa kulia.

Alipougusa tu mpira unaopitisha hewa, ukachomoka.

Mlio wa hewa ndio uliomwamsha Mama Hortense. Akaona miguu ya mume wake imetokeza chini ya motoka, na motoka inashuka. Kisha akaona alichokikalia. Akainuka upesi. Alilipindua lile taruma, akalisukuma kwa nguvu zote mpaka chini ya chasi, na chuma kikatua juu yake kwa kishindo. Adalbert akatambaa kwa tumbo akatoka, shati limechanika mgongoni.

Wakakaa chini wote wawili, kwenye vumbi.

"Sikutaka kukuamusha," akasema Adalbert. "Ulikuwa umechoka."

"Njo maana unaniacha nilale, niamuke mujane?"

Adalbert alimshika mkono tu, akaanza kuufuta vumbi.

Kesho yake akamnunulia kiti cha plastiki, chekundu, chenye mgongo mzuri wa kuegemea. Mama Hortense akakitazama, akampa asante, akaweka sufuria ya bugali juu yake. Mwenyewe akaenda kukaa juu ya taruma.

"Papa, nikikaa pale," akasema, "nitajua namna gani kama unaingia chini ya motoka?"