Cucu Atemea Gari Mpya Mate

Jamani, leo cucu, nyanya yangu, ametemea gari mpya mate, mbele ya muuzaji!

Tulitoka kwetu Bahati na baba na cucu kuchagua gari yetu ya kwanza, baada ya miaka ya kuchuma maua ya pareto. Ile mpya ilikuwa ndogo, inang'aa mpaka unajiona.

Kwetu mzee akikutemea mate, amekubariki. Muuzaji akadhani ni matusi. Akapangusa!

Baba akamshika cucu mkono, tukatoka. Na vile alikuwa ameipenda!

Nje, fundi wa magari, Gurdip, alikuwa anauza gari yake kuukuu. Cucu akaitemea boneti. Gurdip akainamisha kilemba: "Mama, na mimi pia."

Nilishika mdomo. Cucu akambariki!

Nyinyi mngechukua gani?

Tumefika nyumbani na ile kuukuu. Mvua imeanza, na baba amevua koti lake la kanisa, amefunika boneti.