Cibalonza, mtembeza wageni wa Bukavu aliyerudisha ufunguo wa ziwa

Boti ya kutoka Goma haijamaliza kufunga kamba, na tayari Georgette Cibalonza amemtambua mgeni wake kati ya akina mama wenye magunia na vijana wanaogombania mizigo. "Ni ule anaangalia juu," anasema.

Hakosei. Kila anayefika Bukavu kwa mara ya kwanza huangalia juu, maana nyumba zimepanda milima hadi unajiuliza wenyewe hurudi vipi kwao mvua ikinyesha.

Anamwendea mkono umenyooshwa. "Karibu, maman. Miye njo Cibalonza. Viatu iko muzuri? Bukavu haionekane na motokari. Ukipita na gari utaona tu ukuta na vumbi. Hapa ni miguu."

Mgeni, Tatiana, ni muuguzi wa Lubumbashi aliye likizoni. Anatazama viatu vyake, anautazama mlima, kisha anacheka kicheko cha mtu aliyekwisha kubali yaishe. Safari inaanza.

Cibalonza, mwenye umri wa miaka 44 na mama wa watoto watatu, anafanya kazi ambayo majirani zake wengi bado hawaamini kuwa ni kazi: anatembeza watu. Anawapokea bandarini, anawapandisha Nyawera, anawapitisha katika soko la Kadutu ambako usipoangalia unakokanyaga utaondoka na nyanya za mtu. Anawapumzisha Place de l'Indépendance, halafu anawashusha Muhumba na Nguba, rasi zilizoingia ziwani kama vidole vya mkono.

Nusu siku ni dola kumi. Wiki nzuri hupata wageni watatu. Katika siku hizi za wasiwasi, wiki nyingi hapati hata mmoja, naye hurudi chini ya mwavuli wake bandarini kuuza unités, vocha za simu, kazi aliyoianza akiwa msichana. Ni chini ya mwavuli huohuo ndipo alipoanza kutembeza watu. Abiria walikuwa wakimuuliza njia, naye hakuwa na subira ya kueleza. Alifunga kisanduku chake akawapeleka mwenyewe.

Ana sheria moja isiyovunjwa: hapiti mtaa wa watu kimya. Kila kona anasimama, anasalimia "Asinge," anamtaja mgeni kwa jina na anakotoka. Muuza sambaza wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani, ataambiwa kuwa huyu ni Tatiana wa Lubumbashi, fundi viatu ataambiwa, hata mzee aliyesinzia kibarazani ataamshwa aambiwe. Tatiana anaona haya mwanzoni. Baada ya saa moja anajitaja mwenyewe kabla hajatajwa.

"Mugeni asiyetajwa, batu bananza kujiuliza anatafuta nini," anaeleza Cibalonza. "Ukishamutaja, ni wa kwetu. Hata akipotea, batamurudisha."

Matembezi yote huishia mahali pamoja, Nguba, kwenye kijia chembamba kati ya kuta mbili ndefu. Wenyeji hupaita Kwa Ngazi, ingawa ngazi zenyewe mvua ilishakula nyingi. Chini kabisa kuna mawe mapana, na baada ya mawe, ziwa.

Hapo Cibalonza huvua viatu, huingiza mikono majini, hunawa uso. Ndipo mgeni hukaribishwa kufanya hivyo. Kwa Bashi, watu wa kabila lake, anayekuletea kasiksi, ile pombe ya ndizi, huonja kwanza mbele ya macho yako, kisha hukupa. Cibalonza anafanya na ziwa vilevile.

Ni lazima kueleza kwa nini kijia cha hatua chache kinamuumiza kichwa mwanamke huyu. Bukavu imezungukwa na ziwa pande tatu, lakini kulifikia ni shughuli. Ufuko umejaa viwanja vya watu, na kila kiwanja kina ukuta, na kila ukuta una mlinzi, na mlinzi ana mbwa. Kwa Ngazi ni moja ya sehemu chache zilizobaki ambapo mtu asiye na kiwanja anaweza kulowesha miguu. Akina mama wa kufua hushukia hapo na mabeseni yao. Hakuna aliyewahi kuuliza kijia hicho ni cha nani.

Mpaka mwaka jana, lango la chuma lilipowekwa juu yake.

Lango ni la Évariste Murhula, injinia wa barabara aliyerudi kutoka Ubelgiji kukaa katika nyumba ya marehemu baba yake, pembeni kabisa ya kijia. Si mtu mbaya, na Cibalonza ndiye wa kwanza kulisema hilo. Wezi walikuwa wamepita Kwa Ngazi wakaingia kwake mara mbili. Alifanya ambacho wenzake wote wa ufukoni walikwisha kufanya: aliita fundi wa kuchomelea.

Cibalonza alikwenda kumbembeleza. Alirudi na kitu ambacho hakukiomba. Injinia, aliyependa adabu yake, alimpa ufunguo. "Wewe ni mutu wa kazi," alimwambia. "Pita na bageni bako. Ukitoka, funga."

Aliupokea. Halifichi jambo hilo. "Nilifurahi sana," anasema. "Nikaenda nikiuchezesha mu mukono. Nikajua chakula ya batoto imepona."

Kwa siku kadhaa alipita. Alifungua, aliingiza wageni, alifunga nyuma yake. Nje ya lango walibaki akina mama wa kufua, mabeseni kichwani, wakisubiri hawajui nini. Miongoni mwao alikuwa Maman Rosette, mjane aliyemfahamu Cibalonza tangu enzi za mwavuli, na ambaye siku zote alimwita Ciba, tena kwa kumpigia kelele kutoka mbali.

Siku moja Maman Rosette alisogea kando ili wageni wapite. Kisha akasema kwa upole, "Bonjour, madame."

Cibalonza anasimama anapofika hapa katika simulizi lake. Macho yanamlowa, naye hajisumbui kuyaficha. "Angenitukana, ingekuwa heri. Aliniita madame. Nilinawa ile maji, nikaona ni kama miye njo mwizi."

Jioni ileile aliurudisha ufunguo. Injinia alishangaa, akadhani amemkosea. Cibalonza alimwomba jambo moja tu: Jumapili baada ya misa, awakaribishe yeye na akina mama wa kufua hapo langoni wazungumze.

Walikuja, wanawake wanane na kibuyu cha kasiksi kilichotoka kwa shangazi yake Cibalonza kule Mumosho. Injinia alitoa viti. Cibalonza alionja, akampa mwenye nyumba. Mwenye nyumba alikunywa, akasifu, akanywa tena. Halafu akakiweka kibuyu chini, kando ya kiti chake, akaendelea kueleza habari za wezi.

Wanawake walikikodolea macho. Kwao kibuyu kikifika kinazunguka. Anayekilaza miguuni pake amekwisha kuwaambia wenzake waende nyumbani. Injinia alieleza na kueleza, akidhani wanamsikiliza.

Ni Maman Rosette aliyemkatiza. "Papa Murhula, kibuyu imefika kwako, imelala. Sisi tuko tunaangalia tu." Akanyoosha kidole kuelekea lango. "Na maji ni vilevile."

Injinia Murhula mwenyewe anakumbuka vizuri. Tulimkuta nyumbani kwake, akiwa na fulana ya mazoezi, naye alisimulia bila kujitetea. "Kule Ubelgiji nilizoea kila mutu na chupa yake," anasema. "Ile siku nilijishika kichwa. Mama yangu angekuwa hapo, angenichapa mbele yabo bote, na umri hii yangu." Alifuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, akasimama, akakipeleka kwa Maman Rosette kwa mikono miwili. Maman Rosette alikunywa polepole, makusudi, kila mtu aone.

Je, Cibalonza alimtegea? Analikataa wazo hilo kwa ukali. "Kasiksi ni heshima. Sikutega mutu. Angezungusha, tungekunywa na tungebembeleza kama batu bengine." Kisha anatabasamu. "Lakini sikulia alipokosea."

Siku iliyofuata kufuli liliondolewa. Lango lenyewe lingalipo. Mchana huachwa wazi na kuzuiwa kwa jiwe, na usiku mlinzi hulirudisha tu bila kulifunga. Injinia hatoi ahadi kubwa. "Bezi bakirudi, nitafunga tena," anasema waziwazi. "Na miye ni mutu wa kulala usiku."

Kwa hiyo asubuhi hii, kabla ya kumshusha Tatiana, Cibalonza anatazama kwanza lile jiwe. Lipo mahali pake. Anatazama bawaba: zimepakwa mafuta. Anaguna, anaita wanawake walioko chini na kumtaja mgeni wake. "Ciba!" inajibu sauti kutoka kwenye mawe, kubwa kuliko inavyohitajika. Ni Maman Rosette, povu hadi viwikoni. Anapisha beseni lake ili mgeni apate pa kukanyaga.

Cibalonza ananawa. Tatiana anainama, anaingiza mikono, anapiga ukelele kwa ubaridi wa maji, na wanawake wote wanamcheka kwa furaha.

Mpango wa Cibalonza kwa miezi ijayo hauhusu watalii. Alizaliwa Kasha, mtaa wa Bagira ulio juu upande wa kaskazini. Kutoka kwao ziwa analiona lote, kutoka mlangoni, kutoka darasani, kutoka foleni ya maji ya bomba. Kuligusa alikuja kuligusa akiwa na miaka kumi na miwili, siku baba yake alipomtuma bandarini. Anaamini watoto wengi wa Kasha wa leo bado hawajaligusa.

Amekubaliana na mwalimu mmoja wa shule ya msingi ya huko. Kila Jumamosi atawashusha wanafunzi wa darasa moja kwa miguu, bila malipo, awatembeze mjini, awataje kwa majina kwa kila muuza sambaza, na awamalizie Kwa Ngazi. Kundi la kwanza linakuja Jumamosi hii. Maman Rosette ameahidi kuwahi kufua ili mawe yawe matupu.

Na injinia akibadili mawazo? Cibalonza analisukuma lango kwa nyonga ili lifunguke zaidi, kisha anaurekebisha ule mkao wa jiwe kwa mguu.

"Afunge, ni chuma yake," anasema. "Lakini atafunga tukiwa ndani, miye na batoto ba Kasha, miguu mu maji. Halafu abaite kwa majina moja moja abatoshe nje, maana nitakuwa nimeshamwambia kila mumoja anaitwa nani."