Mtani Aliyenaswa Ukutani mwa Bwawa

Nitakayosema hamtayaamini. Hata mimi nisingeyaamini, ila huwa sisemi uongo nikiwa nimeshiba.

Mpwa wangu Rehani, Mzigua wa Mazingara, analinda bwawa la zamani la shamba la mkonge upande wa Mazinde. Kazi hiyo nilimtafutia mimi, msisahau. Wenye shamba waliondoka, bwawa likabaki, naye akabaki nalo. Akiondoka, nani atafungua lango mto ukijaa? Ukuta wenyewe mzee, unavuja kama pua ya mtoto.

Sikukuu ya Idd, Wasambaa hushuka na masufuria ya pilau kuja kuogelea. Ni watani zetu. Sasa mtani hakasirikiwi, wala haaminiwi. Hapo ndipo mpwa wangu alipobanwa.

Idd iliyopita mvua ilikuwa imepiga sana milimani Lutindi. Rehani akaona maji yanayovuja chini ya ukuta yamegeuka tope. Juu, watu wamejaa wanapiga picha.

"Tokeni, ukuta unaliwa kwa ndani."

"Mtani, sema tu unataka pilau," akajibu Mhina, fundi baiskeli.

Akaapa, wakacheka. Akabembeleza, wakacheka zaidi. Akakimbilia usukani wa lango, kule ukuta unapokutana na ukingo, apunguze maji. Zege bovu likammeza mguu hadi pajani. Akaita.

"Tazameni, Mzigua kajipanda kama muhogo," akasema Mhina. Hakuna aliyesogea.

Mke wa Rehani, Hajira, alikuwa ukingoni anauza maandazi. Akajitupia kanga kichwani, akaangua kilio cha msiba.

Mtani akisikia kilio hicho hana hiari. Kuchimba kaburi na kubeba jeneza ni kazi yake. Ukuta wote ukamwaga watu. Wakamchomoa, wakambeba juujuu hadi barabarani, huku wakilalamika maiti mzito. Hajira hakunyamaza mpaka wa mwisho alipotoka ukutani.

Hapo hapo ukuta ukapasuka! Bwawa zima likashuka, likazoa mikonge, likazoa ng'ombe wote wa jirani yetu Meitamei, likaingia Korogwe mjini, na mimi nimesimama katikati nimeshika pembe za—

"Mjomba," amesema Rehani, ambaye kumbe yuko nyuma ya bega langu anasoma ninayoandika. "Tulifungua lango, maji yakapungua. Ukuta bado upo. Keshokutwa ni Idd, watakuja tena. Na kilio cha Hajira hawatakiamini."