Gari la Spoti na Kiatu cha Mzee

Jumamosi nilikuwa katika yadi ya magari Ruiru, ambako mzee mmoja alikuwa akiuza gari lake la spoti. Broka, dalali wake, alikuwa amemwonya asitaje kasoro yoyote. Mnunuzi, mama wa Ngoingwa, akagusa skrini ya dashibodi.

"Hiyo huzima juani, mama," mzee akasema. "Na vidude vya kufungulia vioo na kuwasha AC viko humo humo. Lazima ungoje ipoe."

Broka akamkanyaga kiatu.

"Wewe nikanyage tu. Mama, hata kwa matuta ya kwenu litakwaruza tumbo."

Mama akacheka. "Leo nimeonyeshwa magari matatu, yote eti hayana shida. Hili sasa nalijua. Leta logbook tubadilishe umiliki." Hakuomba kupunguziwa bei hata kidogo.

Broka akaanza kutamba kwamba ni yeye aliyemshauri mzee aseme ukweli. Nilishindwa kunyamaza. Nikamwonyesha kiatu cha mzee: alama ya soli ya broka ilikuwa bado pale.