Kanuni ya Mama Koleo

Mama Koleo alikuwa fundi wa pasi, feni na blenda, na hakuna kifaa kilichowahi kumshinda. Kilichomshinda ni kupata likizo. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa ameshaanza kutambaa naye hajamwona hata kisigino, kwa sababu kila alipoomba ruhusa, bosi alimuuliza nani atawajibu wateja.

Hatimaye bosi akaleta programu ya kompyuta isiyomhitaji mtaalamu wa kompyuta. Anayeijua kazi alijiandikia kanuni mwenyewe, ikiwa hivi basi vile, nayo ingewauliza wateja maswali na kuwapa jibu. Ikijibu vizuri, likizo ipo. Ikikosea hata mara moja, Mama Koleo arudi siku hiyohiyo kuirekebisha.

Basi akaketi, akaandika kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa. Kuhusu nyaya aliandika machache. Kuhusu wateja alimwaga yote ya moyoni. Ikiwa feni haizunguki, basi uliza kama imechomekwa. Ikiwa mteja amekasirika kwa kuulizwa, basi haijachomekwa. Na ile aliyoipenda kuliko zote: ikiwa mtu amekana kabla hajaulizwa, basi ni yeye aliyeharibu, mwambie aonyeshe mifuko.

Wateja walinuna, lakini vifaa vilipona. Mama Koleo akafunga safari hadi kwa binti yake.

Kule, mjukuu kiunoni, akataka kumsagia ndizi. Mtoto akacheka, bibi akacheka, na kijiko kikasahaulika ndani ya blenda. Ikalia kama mbuzi, kisha kimya. Mkwewe alipochungulia jikoni, Mama Koleo alikuwa anafuta meza iliyokuwa safi.

“Mimi hiyo blenda sijaigusa,” akasema.

Mkwe alikuwa amesikia ile programu ikisifiwa sana. Akaifungua kwenye simu ili aone ufundi wa mama mkwe, akajibu maswali yote kwa uaminifu wake, hata lile la kama kuna aliyekana kabla hajaulizwa. Jibu lilipotokea, akalisoma mara mbili, akaigeuza simu kifudifudi kwa aibu.

“Mama, nadhani imekosea,” akasema taratibu. “Nimpigie bosi wako ajue?”

Mama Koleo akamtazama mjukuu, mwenye ndizi hadi masikioni. Akaliona kichwani basi la kurudi, akaiona karakana.

“Haijakosea, mwanangu,” akasema, akatoa mfukoni kijiko kilichopinda kama ndoano.