Sakafu ya Gari la Baba

Nimewauliza watu wengi swali moja, hadi baadhi yao wakiniona kwa mbali wanaanza kutabasamu: gari dogo la kawaida, la milango minne na watu watano, hukaa muda gani kabla halijakata kauli? Siulizi habari za lori, wala za yale magari marefu ya wakubwa. Nauliza gari kama letu.

Dereva wa teksi anayeegesha karibu na soko la Kibuye, ninapouza makoti ya mtumba, aliniambia nisijisumbue, injini za magari haya ukizibadilishia oili kwa wakati utawaachia wajukuu. Mhadhiri mmoja wa chuo kikuu cha Maseno, ambaye hununua koti kwangu kila anapotumwa ng'ambo, aliniambia niangalie mita, kwamba mita ndiyo inayosema umri. Nilicheka mbele yake na sikuona haya. Mita ya gari la mtumba! Nimeshaona koti lenye lebo ya mtu mwembamba likimpwaya mtu mnene. Lebo hushonwa na watu, na mita hurudishwa nyuma na watu. Mwenzangu wa kanisani akasema yote ni mapenzi ya Mungu, jambo ambalo ni kweli lakini halinisaidii kujua lini nibadilishe breki.

Sikuuliza kwa kukosa kazi. Mama yangu figo zake zimegoma. Kila Jumatatu na Alhamisi lazima awe hospitalini Kisumu asafishwe damu kwa mashine, na kwetu ni Seme, chini ya Maseno, upande wa ziwani. Pikipiki hawezi kupanda, miguu imevimba. Magari ya abiria tuliyajaribu mwanzoni, akatapika njia nzima, na wakati wa kurudi alikuwa hoi hata kukaa wima kulimshinda. Lakini gari la Baba lina kiti cha nyuma kirefu na cha chini. Mama anakaa kwanza, halafu mimi namwinulia miguu mmoja mmoja, halafu analala. Bila kiti kile hakuna mashine, na bila mashine daktari alishatuambia wazi kwamba tunazungumzia siku, si miezi. Kwa hiyo nikisikia sauti ngeni chini ya gari lile, hupunguza mwendo na kufungua dirisha nisikilize.

Gari lenyewe Baba alilinunua alipostaafu ualimu. Lilitoka Japani likiwa limekwisha kutumiwa, na nani, hatujui. Hilo nalo limenisumbua sana. Mimi ni mtu wa mitumba. Kwenye mifuko ya makoti nimekuta tikiti za treni, leso, hata barua ya mapenzi ambayo sikuweza kuisoma. Ndani ya gari, chini ya kiti cha dereva, nilikuta sarafu ndogo ya shaba yenye tundu katikati. Na ukiwasha injini, kuna sauti ya mwanamke anayesema maneno machache ya Kijapani kwa adabu nyingi, kisha ananyamaza. Hakuna fundi aliyejua kumzima. Mama humjibu kila siku kwa Kijaluo. Asubuhi anamwambia "Oyawore", jioni "Oimore", kama anavyomwamkia jirani, halafu anaendelea na mambo yake. Nilipomuuliza anadhani yule mwanamke anasema nini, alisema anatuuliza tumelalaje.

Macho ya Baba yalipoanza kufifia alinikabidhi funguo, lakini kiti cha mbele hakukiacha. Anakaa pale kama mtahini. Ananiambia punguza, badilisha gia, tuta hilo, ng'ombe huyo, na hamwoni ng'ombe wala tuta, anakumbuka tu mahali yalipo. Tunagombana kutoka nyumbani hadi mjini. Mama huko nyuma anacheka akiwa na nguvu za kucheka, na asipocheka sisi wawili tunanyamaza.

Sasa niseme habari za ziwa. Hapa kwetu kuosha gari kwa ndoo ni kujidhalilisha. Gari linapelekwa ufukweni na kuingizwa majini lenyewe, mpaka maji yakaribie milango. Waoshaji waliovaa kaptura wanalizunguka kwa sabuni na matambara, na mwenye gari anakaa kibandani akila samaki kwa ugali, akilitazama. Wamekatazwa mara nyingi kwa sababu ya oili inayomwagika, na wakikatazwa hapa wanahamia pale. Baba alikuwa akienda kila wiki, ili gari liingie kanisani likimeta. Na alikuwa na hoja yake, aliyoirudia kama tangazo la redio: magari ya Mombasa huliwa na chumvi ya bahari, lakini ziwa letu ni la maji baridi, chumvi haina nafasi, kwa hiyo gari la Kisumu haliozi. Alilizungumzia hilo kama mtu aliyelichimba ziwa mwenyewe. Nilimwamini. Kila mtu alimwamini, kwa sababu kila mtu alikuwa amekaa kibandani pale pale, gari lake likiwa majini pale pale.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, gari likaanza kunuka. Haikuwa harufu ya petroli, wala ya dawa za Mama. Ilikuwa harufu ninayoijua mimi kuliko watu wengi: ya belo la mitumba lililonyeshewa njiani likafungwa kabla ya kukauka. Nikifungua belo la namna hiyo najua hasara yangu kabla sijaona koti hata moja. Na koti silinunui kabla sijaligeuza ndani nje nikatazama mshono. Basi siku moja Mama alipokuwa kwenye mashine, Baba akiwa naye ndani, nikiwa nimeegesha nje ya hospitali sina la kufanya, nikaamua kuligeuza gari.

Niliinua kapeti ya nyuma. Chini yake kulikuwa na sponji nene iliyolowa, na chini ya sponji tope laini jeusi la ziwani, na humo ndani ya tope mizizi ya magugu maji iliyokauka na kukunjamana. Bati lilikuwa linabanduka magamba magamba. Nikalibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikapita. Nikachungulia tundu nikaona changarawe za maegesho.

Kwanza nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, ile furaha ya mtu aliyehangaika na fumbo akalifumbua. Kumbe si chumvi. Kumbe maji yoyote yakipata mahali pa kulala pasipo na upepo yanatosha. Wiki baada ya wiki yalikuwa yakiingia kwa chini, sponji inayanywa, jua halifiki, na juu yake kapeti safi imepigwa brashi. Injini tuliyokuwa tukiihofia haikuwa na neno. Nilikuwa tayari kumtafuta mhadhiri wangu nimweleze. Halafu nikakumbuka nani hulala juu ya kile kiti, nikakaa chini kwenye ukingo wa lami.

Jioni ile ile, nilipokwisha kumweleza Baba nilichokiona, badala ya kurudi nyumbani moja kwa moja tulipitia gereji, mtaa wa Manyatta. Fundi wetu ni mtu wa Vihiga, mnene, mwenye kupenda utani, na gereji yake ni uwanja wa wazi wenye kibanda cha mabati pembeni. Tulimshusha Mama tukamlaza kwenye benchi kivulini, nikamkunjia koti langu chini ya kichwa. Akafumba macho. Fundi alipiga jeki, akalala chali, akaingia chini na bisibisi. Tulimsikia akigonga hapa na pale. Alipotoka alikuwa na unga wa kutu kwenye nyusi, na utani umemwisha.

"Mzee, injini hii bado kijana," alimwambia Baba. "Gia, sawa. Shida ni mwili. Pale kwa kiti cha nyuma, pale mkono wa gurudumu hushikwa, bati imekwisha. Hiyo ikiachia mkiwa kwa barabara..." Alitazama benchi alikolala Mama.

Baba aliuliza kinachowezekana. Fundi akasema njia ni mbili. Ya kwanza ni kiraka: achomelee vipande vya bati chini, kazi ya siku moja, kesho jioni tuondoke nalo. Kiraka kitashika mwaka, pengine na kidogo juu, lakini hakirudiwi, kwa sababu bati la kushikia kiraka cha pili halitakuwepo. Njia ya pili ni kukata sakafu yote ya nyuma aitupe, atafute gari la aina ile ile lililogongwa mbele, akate sakafu yake nzima aje aipachike. Hiyo ingekaa miaka na miaka. Lakini ni kazi ya mwezi mzima, na mwezi huo wote gari halitaguswa.

"Inategemea," akasema, akijifuta mikono. "Nyinyi mnataka ikae mpaka lini?"

Mimi, niliyeuliza swali hilo mji mzima, sikuwa nimewahi kuulizwa. Nilimtazama Baba, Baba akatazama gari. Pesa tungezitafuta, tatizo halikuwa hilo. Kusema kiraka kulikuwa kusema mwaka unatosha, na mtu ambaye mwaka ungemtosha alikuwa amelala hatua chache kutoka pale tulipo. Kusema sakafu nzima nako kulikuwa na mtego wake. Mwezi bila gari ulikuwa mwezi wa Mama kukaa mjini, karibu na hospitali, na hilo alilikataa tangu siku daktari alipotaja mashine. Alituambia mashine atakwenda, sindano atachomwa, lakini kulala atalala nyumbani kwake. Hakutaka kufa kwenye nyumba ya kupanga, abebwe kurudishwa Seme akiwa maiti, mwanamke mwenye boma lake. Hakulisema kwa mafumbo. Alilisema hivyo hivyo, na hatukumbishia tena.

Nilikuwa naogopa. Niliogopa kusema kiraka, nikaogopa kusema mwezi, na zaidi niliogopa kwamba Mama hakuwa amelala.

Hakuwa amelala. "Fundi," akaita, macho yamefumbwa. "Weka kiraka."

Fundi akatutazama mimi na Baba. Akafumbua macho.

"Weka kiraka, mwanangu. Mwaka moja inanitosha. Hii pesa ingine ikae, hawa watafanyia kazi." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayemweleza mwenye posho mill unga usagwe laini au usagwe nusu. Sauti ile ndiyo iliyoniumiza. Alikuwa ameshapiga hesabu yake peke yake, muda mrefu uliopita, huko nyuma alikolala wakati mimi na Baba tukigombania matuta.

Fundi akanigeukia mimi. "Mama," nikaita, nikasogea kwenye benchi.

Baba alikuwa amechuchumaa kando ya gari. Kwa kuwa haoni vizuri, alipitisha mkono chini akawa anapapasa bati kwa vidole, polepole, kuanzia mlangoni hadi kwenye gurudumu, na magamba ya kutu yakawa yanamwangukia mkononi. Nilidhani atasema neno kuhusu ziwa. Nilikuwa nimejiandaa kumtetea, kwa sababu mji mzima ungepaswa kutetewa pamoja naye. Badala yake alisimama kwa kushikilia mlango, akajifuta mkono kwenye suruali yake safi, jambo ambalo maishani mwangu sijawahi kumwona akilifanya.

"Fundi," akasema, "kata yote."

"Baba, nimesema kiraka," Mama akasema. Walikuwa wanaongea Kiswahili kwa ajili ya fundi, asiyejua Kijaluo, na kwa Kiswahili wazazi wangu husikika wakali kuliko walivyo.

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Sasa nani amekuambia mwakani unashuka?"

Fundi aliinama akaanza kuokota spana ambazo hazikuwa zimeanguka. Mama alimtazama Baba. Nilisubiri ugomvi, kwa sababu namjua. Mtu akimwamulia jambo lake huwaka, na alikuwa na haki ya kuwaka. Alimtazama hadi mimi nikaangalia pembeni. Baba hakuondoka pale alipokuwa amesimama. Mkono wake bado ulikuwa kwenye mlango.

Kisha Mama akaninyooshea mkono nimsaidie kukaa. Nilipomkalisha alijifunga leso yake upya kichwani, bila haraka, akaivuta ncha ikakaza.

"Basi mnitafutie kitanda hapa mjini," akasema. "Na kisiwe cha juu. Miguu yangu haifiki."