Kikohozi cha Ludara

Nianze na upumbavu wenyewe, maana mtaa wetu mzima wa Mvara, hapa mjini Arua, unaujua na mkiusikia kwao mtausikia umetiwa chumvi: nilimfukuza mtu nisiyemjua, watu wote wakisikia, na mtu huyo alikuwa baba wa Poni, msichana niliyekuwa nakwenda kumposa.

Miaka ile ya tisini simu hatukuwa nazo, ila zahanati zilikuwa na redio za kuongea, na mimi ndiye niliyekaa kwenye redio kubwa ya Arua (kazi ya kukaa, nani angeifaa zaidi, mtu ambaye hata Ediofe, hapo jirani tu, alikwenda kwa kusukumwa). Kila asubuhi zahanati zote ziliingia hewani kwa zamu, muuguzi wa hapa anaomba dawa, wa kule anatoa habari, na kila mtu anamsikia kila mtu. Desturi yetu, hakuna anayetaja jina. La nini? Sauti ilitosha, wote walikuwa wametembeleana, isipokuwa mimi.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja, anakohoa mara mbili, kisha anaingia katikati ya habari za dawa na kusalimia dunia nzima, mbuzi wako wazima, mvua iko, yule mtoto alipona. Kuuliza ni nani niliona aibu, baada ya miezi yote ile ya kujifanya nawajua wote. Asubuhi moja nikachoka, nikasema kwa sauti ya mkubwa: "Mtu wa kukohoa, toka hewani. Kuanzia leo usisikike hapa, na mtu asimjibu."

Muuguzi wa Ludara akasema polepole, "Arua, una uhakika?" Nikasema ninao. Nasikia kule walicheka wiki nzima.

Mwezi ule ule nikaenda Ludara na baba mdogo kuposa. Poni alikuwa ameniambia baba yake ni askari mstaafu, sasa ni mlinzi. Mlinzi wa wapi, sikuuliza. Tumeketi, wazee wamejaa, mlango ukafunguka, na kabla ya mtu kikaingia kikohozi. Mara mbili.

Kwao mposaji hasemi mengi, wazee humsemea, lakini jina lake lazima alitaje kwa mdomo wake. Nikaona nikiufungua tu, Poni nimemkosa. Basi nikashika shavu nikaanza kuguna.

"Kijana iko na jino," baba mdogo akanihurumia.

"Jino tu?" mzee akasema. "Mimi natoa jino ya askari tangu zamani. Mama Poni, leta koleo."

Nikatikisa kichwa, wakadhani ni maumivu. Shangazi wawili wakanishika mabega. Koleo lilipogusa ulimi nikasahau kila kitu, nikapiga kelele, "Toka! Toka kwanza!"

Mzee akasimama. Akakohoa. "Hii sauti mimi najua, nasikia kwa redio ya zahanati mimi nalinda," akasema. "Sasa wewe mutu ya Arua, nasema mbele ya wazee: kama jino inauma, natoa. Kama haiumi, umedanganya kwa nyumba yangu, na binti yangu hapana enda kwa mwongo."

Nikamtazama Poni, amejifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika, sijui kilio au kicheko.

"Inauma, mzee," nikasema.

Akaling'oa. Akalipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaligeuza. "Jino hii iko muzima kabisa," akasema, akampa baba mdogo naye aone. Kisha akakaa kunitazama, nami huku natema damu nikataja jina langu, nikasema kuanzia kesho yeye ndiye wa kwanza kusema hewani, akohoe atakavyo.

"Hiyo ndio maneno, uwongo umelipa na jino," akasema. Poni nikapewa.

Tangu hapo simfukuzi mtu kabla sijamwuliza jina, kijiji, na kama ana binti. Nilirudi Mvara shavu limevimba, nikitegemea huruma, nikamweleza jirani yangu Mama Drate yote. Akaweka ndoo yake chini, akasema: "Jino moja tu? Huyo mzee iko na huruma. Ingekuwa mimi, natoa yote, ndio ujue kunyamaza."